Nafasi Chini ya Meza

Kifuniko cha sufuria kilianguka jikoni. Kabla hakijaacha kuzunguka sakafuni, mke wa fundi viatu alikuwa ameshaingia chini ya meza.

"Toka huko," alisema mama mkwe wake. "Watu watadhani tunafuga paka."

Tangu tanuri la kiwanda cha mikate lilipuke na kumuua mwenzake wa zamu, mwanamke huyo alikuwa hivyo. Kazini hakurudi. Birika likipiga mluzi, anatetemeka. Akilala, anaamka akipiga mayowe.

"Mama, aliyeumwa na nyoka..." mumewe alijaribu kumtetea.

"Nyoka gani? Mikate? Sisi tulikimbia risasi na watoto mgongoni, na tulipofika tukashika majembe. Nani alitubembeleza? Huyu ana deko tu. Mrudishe kwao. Mtoto ameshaachishwa ziwa, abaki hapa."

Bibi mwenyewe alikuwa na yake, ila nani angethubutu kumuuliza? Alilala na viatu miguuni. Kiti chake lazima kitazame mlango. Mjukuu akianza kulia tu, alimrukia na kumnyamazisha kwa ukali, kana kwamba nje kuna anayesikiliza. Hayo yaliitwa mambo ya wazee, na watu walicheka wakayaacha.

Wiki nzima alimsakama mwanawe, kwenye chai ya asubuhi na kwenye chai ya jioni. Jumamosi fundi viatu akachoka, akasema basi, aende. Aliona aibu kulisema, lakini alilisema.

Begi likawekwa mlangoni. Mke alimbusu mtoto kichwani, akambusu tena, machozi yakilowesha nywele zake. Bibi akampokonya, akaenda naye kwenye kile kiti chake.

"Mama, nionee huruma. Ni mwanangu."

"Nenda. Utapona hukohuko kwenu, kama sufuria zao hazianguki."

Fundi viatu aliinamisha macho, akajifanya anafunga zipu ya begi.

Barabarani, tairi la lori likapasuka.

Mke alijitupa chini ya meza. Hakupata nafasi. Mama mkwe alikuwa ameshafika, amejikunja juu ya mjukuu wake, kiganja kimemziba mdomo mtoto ambaye hata hakuwa analia.