Geukeni Ukutani

"Geukeni ukutani," alisema Hettie. "Nyote. Na wewe, Kapteni."

Juu yao, ndani ya banda, puto la kivita, refu kuliko kanisa, lilikuwa likivuja gesi kwa mluzi mwembamba. Tundu lenyewe dogo kama jicho la kuku.

Puto hilo la majaribio lilikuwa limeruka mara mbili na kuanguka mara mbili. Leo majenerali walikuwa nje, kwenye uwanja wa jeshi wa Farnborough, na likishindwa tena litakatwakatwa. Lilitengenezwa kwa ngozi laini za utumbo wa ng'ombe, na waliojua kuziunganisha ni wanawake wa ukoo wa Hettie peke yao. Hawakuwahi kuifanya kazi hiyo mbele ya macho ya mtu.

"Nitatazama," alisema Kapteni. "Askari wangu wakishajifunza, ninyi wanawake mtaenda zenu."

"Ndiyo maana nakwambia geuka."

"Wee mwanamke, hii ni amri!"

"Basi liamrishe puto lijizibe."

Hettie akakaa juu ya sanduku, akafungua mkate wake wenye mafuta ya nyama, akaanza kula.

Pua ya puto ikalegea. Nje tarumbeta ikalia. Askari mmoja akageuka, wenzake wakamfuata. Mwisho Kapteni, masikio yamemwiva, akaukabili ukuta.

Hettie akapanda juu ya sanduku, akalamba kipande cha ngozi, akakibandika, akakikandamiza kwa kidole gumba. Siri ya ukoo mzima ilikuwa hiyo tu.

Mluzi ukakoma.

"Tayari?" Kapteni akauliza, uso ukutani.

"Bado," alijibu Hettie, akaurudia mkate wake.