Moshi wa Protea

Mbegu za protea, ua la Afrika Kusini tunalowauzia wafunga mashada, haziamki mpaka zinuse moshi. Mume wangu alizipulizia wa sigara, huku akinicheka: "Mwenzio navuta kikazi." Kikohozi kikamchukua, tukamzika.

Mbegu zake za mwisho nilizipanda bila kuwasha hata kiberiti. Moshi siutaki tena.

Leo asubuhi mama mkwe alitangulia kuingia kwenye banda la miche. Akarudi mlangoni, kanga puani.

"Mwanangu, nani anavuta humu?"

Nikaingia. Trei zote zilikuwa zimechipua. Kila chipukizi lilikuwa bado limevaa ganda lake kichwani, na juu ya ganda kulikuwa na majivu.

Nikafungua dirisha.

"Zimeshaota, mume wangu," nikasema. "Zima sasa."

Nyuma ya trei, mtu akakohoa.