Kengele kwenye Usukani

"Usigeuke," mke wangu Notburga alisema mbele yangu. "We kanyaga tu, polepole."

Hata mimi nilikuwa nimesikia. Nyuma yetu, kwenye njia ya baiskeli inayofuata mto, kitu kizito kilikuwa kinapumua.

Kesho yake ng'ombe wangeshushwa kutoka malisho ya mlimani. Kwetu huvishwa maua kichwani siku hiyo, ila mmoja akipotea, kundi zima hushuka bila maua, na mtamba wetu alikuwa amepotelea kwenye ukungu. Wanaume walimtafuta majabalini wakachoka. Ndipo mke wangu alipochukua kengele ya shingoni ya ng'ombe aliyemzaa mtamba huyo, akaifunga kwenye usukani wa baiskeli yake, akasema tupite njia hii tulivu, inakosikika mbali.

Asubuhi nzima watalii wa baiskeli walitucheka.

"Mama, hiyo kengele au kanisa?"

"Pita zako, kaptula itapasuka!" Notburga aliwajibu.

Sasa njia ilikuwa tupu. Kengele ililia kila gurudumu lilipokanyaga mzizi. Pumzi ya moto ikanigusa mgongoni, kisha ulimi unaokwaruza kama msasa ukanilamba shingo, kuanzia kwenye kola hadi sikioni.

"Ni yeye?" Notburga aliuliza.

"Kama si yeye, basi nina mchumba bonde hili."

"Mpumbavu wewe!" Alikuwa anacheka na kulia.

Tulipofika nyumba ya kwanza hakupiga hata hodi. Alinyoosha mkono juu ya uzio wa jirani, akakwanyua alizeti kubwa kuliko zote.