Kiungio cha Tepe Mbili

Kwa miezi Mwatime alikuwa akikokotoa ukinzani wa umeme kwenye kiungio cha tepe mbili, zile ambazo zikipozwa sana hupitisha umeme bila kuupoteza. Kingelehemiwa vizuri, sumaku ya mashine ya hospitali ya kupiga picha za mwili ingefanya kazi. Fundi alikuwa Mzee Sefu, aliyemfundisha zamani.

Asubuhi hiyo Sefu aliinua chuma cha kulehemia, kisha akakirudisha mezani. Mkono ulikuwa unatetemeka.

"Mwanangu, tafuta mwingine."

"Nimtafute nani, Mwalimu? Hesabu zote nimezipiga nikiufikiria mkono wako."

"Mkono ule haupo tena."

Mwatime akavuta kiti, akaufunika mkono wa mzee kwa kiganja chake. Wakaisogeza ncha ya chuma pamoja. Risasi ya kulehemia ikayeyuka, ikang'aa.

"Usiharakishe," Sefu alinong'ona. "Iache ijitandaze yenyewe."

Walipokizamisha kiungio kwenye nitrojeni ya kimiminika yenye baridi kali, mita ilisoma karibu sawa na hesabu. Mwatime akafuta machozi kwa mkono wa koti.

Sefu alikata vipande viwili vya tepe mpya, akamkabidhi chuma.

"Sasa wewe. Mimi nitakushika."

Mvuke mweupe ulifurika kutoka kwenye chombo cha nitrojeni, ukatambaa mezani, ukaifunika mikono yao yote.