Kiingilio cha Jiwe

Nyenje hakuwa na mfadhili. Alijitungia nyimbo zake na kupiga ngoma kila Jumamosi. Kiingilio kilikuwa jiwe moja la kujengea ukuta kando ya mto, na kila mnyama alilipanga mbele ya nyumba yake mwenyewe.

Fisi kila mara alipenya uani na kucheza bure.

"Wimbo ni upepo," alisema. "Nani hulipia upepo?"

"Cheza tu, jirani," Nyenje alimjibu.

Masika mto ulifurika. Maji yaliingia nyumbani kwa Fisi tu, maana mbele yake hapakuwa na jiwe hata moja. Akamwendea Nyenje, amelowa chapachapa.

"Nimekwisha, ndugu yangu."

"Jumamosi kuna ngoma. Mawe yote yatakuwa yako."

Jumamosi Fisi alitangulia wote. Alipita mlangoni, jiwe kichwani.