Ombi la Mgonjwa

Jumuiya ya kanisa ilisali nyumbani kwa mgonjwa, kule Mshangano. Kasiana alikaa mkekani karibu na miguu ya mama huyo, iliyovimba hadi ngozi ikang'aa.

Binti wa mgonjwa alikuwa amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili. Kasiana, rafiki yake, alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Angeingia tu kama mtu angejitoa.

"Mama asipopona siendi, shoga," rafiki yake alikuwa amemwambia asubuhi ile. "Utakwenda wewe."

Tangu hapo, kila alipoitazama ile miguu, Kasiana alijikuta akitumaini jambo asilothubutu kulitamka.

Zamu ya maombi ikamfikia mama yake Kasiana. "Tumwombee binti yangu naye aitwe chuoni."

"Ee Bwana, utusikie!"

Aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote alikuwa mgonjwa. Akainama, akamshika Kasiana bega, akatabasamu. "Mwende nyote wawili, mwanangu, mkagombanie chipsi huko."

Watu wakacheka, kisha wakainamisha vichwa tena.

"Haya, zamu yako," mama yake akamnong'oneza. "Mwombee mama wa mwenzako apone."

Kasiana akafumbua mdomo. Mkono wa mgonjwa ulikuwa bado begani mwake.