Mgeni Asiyepiga Hodi

Haya, kaa vizuri nikutegee. Mgeni kaingia jioni bila hodi. Nikamfungia chumbani, ufunguo nikalala nao. Asubuhi naenda kumtazama, hayupo, na kufuli halijaguswa. Nani huyo?

Usinijibu sasa. Kaa nacho kitendawili hicho, twende kwanza kwenye ofisi ya safari.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja, feni inalalamika juu, kuta zimejaa picha za mahali pazuri kuliko pale mjini. Mbele ya karani walikaa bibi na mjukuu wake. Mtoto alikuwa amefaulu mtihani, na bibi alimwahidi safari ya siku moja, popote atakapochagua. Sasa mtoto amechagua, na bibi anajuta.

"Mji wa kale," mtoto alisema tena, kidole kimeganda kwenye picha ya ukuta mrefu wa mawe.

"Mjukuu wangu, kule ni mawe matupu. Twende kwenye maporomoko, ukaone maji."

"Maji hata bombani yapo, Bibi."

Karani aliangua kicheko. Bibi hakucheka. Mtoto huyu ndiye aliyebaki naye duniani. Mama yake alikwisha kufa, na bibi alimlea kama yai. Kumkatalia hakuweza. Lakini mji ule ulikuwa na mambo ambayo hakutaka mtoto ayajue, hata akija kuota mvi.

"Na kwenye lile gereza la zamani mnaingia?" aliuliza.

"Likiwa wazi, mama. Sasa hivi limefungwa, wanapiga rangi. Kwani umewahi kufika kule?"

Bibi akazama mkobani, anatafuta miwani. Miwani ilikuwa usoni.

"Bibi, nina kiu."

Bibi akatoa chupa ya maji. Mtoto akaweka mikono nyuma, kama walivyozoea, akasubiri.

"Tunazunguka nao kutwa, tukifika nyumbani tunawaacha mlangoni," bibi akatega.

"Viatu!"

Akapewa chupa, akanywa kwa pupa.

"Jamani, raha iliyoje!" karani alisema. "Mnavitoa wapi vitendawili hivi?"

"Bibi anatunga mwenyewe," mtoto alijibu, kifua mbele.

"Basi niwaandikie wapi? Maporomoko au mji wa kale?"

Bibi alimtazama mtoto, akashusha pumzi. "Tuandikie mji wa kale. Maadamu gereza limefungwa."

Siku ya safari basi dogo liliwashusha chini ya ukuta, pamoja na wageni wengine. Mtembeza wageni alikuwa mwanamke wa rika la bibi, mwembamba kama ufito, sauti yake ya upole.

"Karibuni sana. Mna bahati nyie, rangi imekauka, gereza limefunguliwa jana. Nitawatembeza mwenyewe, na wala sisomi kwenye karatasi. Nilifungwa humu."

Tangu hapo bibi hakufungua kinywa.

Angeweza kubaki kwenye basi, akasingizia magoti. Lakini mtoto alikwisha pita langoni anarukaruka, ikabidi amfuate, mkono mmoja ukutani.

Ndani kulikuwa na ujia mwembamba na milango ya chuma, kila mlango una tundu la kupitisha mkono. Mama yule mtembeza wageni akafungua mlango wa mwisho. Chumba hakikuwa na dirisha.

"Tulilala kwa zamu, maana hatukutosha," alisema. "Taa ilikuwa huko nje, na hawakuiwasha kwa ajili yetu. Humu asubuhi haikuwahi kufika."

Bibi akaegemea ukuta, akaanza kuteleza chini. Mama yule alimwahi, akamkalisha kwenye kigoda, akavua mtandio wake na kumfunika mabega.

"Dada yangu," alinong'ona, "na wewe ulikuwa humu?"

Bibi akatazama sakafu, machozi yanamtiririka. Mama yule akambana mkono, hakuuliza tena. Mtoto alimtazama bibi yake kama ndiyo kwanza anamwona.

"Bibi! Mbona hujawahi kuniambia?"

Mama yule akawageukia wageni.

"Mlinzi wetu hatukumjua uso. Tuliona mkono tu, hapa tunduni, na kikombe cha maji. Anatutaka tusimame mikono nyuma, kisha anatega kitendawili. Ukijibu, unakunywa. Ukishindwa, unasikia maji yakimwagwa upande wake wa mlango. Wala hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa anacheka taratibu, kama anayecheza na mtoto.

"Siku moja akatega cha mgeni aliyefungiwa chumbani, asubuhi hayupo na kufuli halijaguswa. Akasema hategi kingine mpaka tujibu hicho. Tukasema roho. Tukasema moshi, tukasema sauti. Kila jibu, maji chini. Mdogo wangu, wa tumbo moja, alikuwa na homa. Alikufa ulimi umemkauka, bado anataja majibu. Alipokufa ndipo wakatuletea ndoo ya maji."

Akapangusa tundu la mlango kwa kiganja, kama mtu anayefuta vumbi. Vumbi halikuwapo.

"Msinione nafanya kazi hii kwa kupenda. Kila anayeingia humu namwuliza, msomi na asiye msomi, na hakuna aliyewahi kunijibu. Nataka nijue kabla sijamfuata mdogo wangu. Nani aliyetoka?"

Bibi akanyoosha mkono kumvuta mjukuu wake, akachelewa.

Mtoto alikwisha sogea mbele, mikono nyuma.

"Giza," alisema. "Kukikucha linatoka lenyewe. Hicho ni cha Bibi, kakitunga mwenyewe."